Chambo Gani Baada ya Mvua? Somo la Kumvua Besi Kandokando ya Magati ya Naivasha

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Keti vizuri, tuvue samaki kwa maneno kabla hatujamvua kwa ndoana.

Najua wapo watakaouliza: "Haya ya samaki yamefikaje katika jarida la Kiswahili? Si yangepelekwa kwa wale wa Chama cha Sayansi?" Jibu langu ni kisa kimoja kifupi, halafu somo lenyewe lifuate.

Likizo moja ya Aprili nilikwenda kumsaidia mjomba wangu Naivasha. Kazi yake ni kuwapeleka wageni kuvua kwa ndoana. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha vibaya sana. Asubuhi mimi nilitangulia gatini, naye akabaki kuandaa mashua. Akanipigia simu: "Kijana, maji ya hapo yakoje? Nije na kisanduku kipi cha chambo?" Nikatazama maji kwa jicho moja, nikamjibu, "Yako sawa tu." Akaja na kisanduku cha visamaki vya fedha, vile vya kuvulia maji meupe. Mgeni alirusha mshipi kutoka saa moja hadi saa sita za mchana. Hakupata hata wa kulambisha paka! Akalipa nusu ya mapatano, akashukuru kwa adabu, akaenda zake wala hakurudi tena. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa ya karo yangu ya muhula wa pili.

Mjomba hakunigombeza. Alichosema ni hiki tu: "Kijana, 'sawa tu' si rangi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kiboko. Mimi niliyezoea kuchanganua sentensi ubaoni nilikuwa nimekosa neno la kuyaeleza maji yaliyokuwa mbele ya macho yangu. Ndiyo maana nimeandika somo hili. Yeyote atakayelisoma ajue kwamba kuchagua chambo kunaanza na kuona sawasawa, na kisha kulisema uliloliona.

1. MAANA YA MANENO TUTAKAYOTUMIA

Kabla ya kuingia majini, tukubaliane juu ya istilahi.

Besi: samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi. Tunayemzungumzia hapa ni besi mwenye mdomo mkubwa. Taya lake la juu hupita nyuma ya jicho anapofumba kinywa.

Ufito: kijiti kirefu cha kuvulia. Wengine husema mwanzi, hata kama umetengenezwa kiwandani.

Mshipi: uzi wa kuvulia.

Chubwi: kipande cha risasi au chuma cha kuzamishia mshipi.

Chambo: kitu cha kumshawishi samaki aume ndoana. Mnyoo wa kweli ni chambo. Kilichotengenezwa kwa mpira, mti, plastiki au chuma ili kiigize kiumbe hai tutakiita chambo bandia.

Gati: jukwaa la mbao au chuma lililosimamishwa juu ya nguzo majini ili mashua zifungwe na watu washuke.

2. MJUE UNAYEMTAFUTA

Besi si mwenyeji wa Kenya. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 ili watu wapate kuvua kwa kujifurahisha. Huko kwao Marekani ana sifa kubwa. Besi mzito kuliko wote walioandikwa katika vitabu vya rekodi alivuliwa jimbo la Georgia mwaka 1932, akawa na uzito wa kilo 10 na kidogo. Rekodi hiyo ilikaa miaka 77 hadi mvuvi mmoja wa Japani alipoifikia mwaka 2009. Wa kwetu Naivasha ni wadogo zaidi, lakini usimdharau. Besi wa kilo moja na nusu akikushika sawasawa, ufito utainama kama mgonjwa wa mgongo.

Tabia yake ndiyo muhimu kwetu. Besi ni mviziaji. Hapendi kukimbiza chakula mbali kama mbwa wa kuwinda, bali hujibanza mahali penye kivuli na kusubiri. Kitu kikipita karibu hufungua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa nguvu pamoja na huyo mpita njia. Mambo hayo yote huisha kwa kufumba na kufumbua.

Anakula nini? Karibu kila kinachoingia mdomoni: visamaki, vyura, wadudu. Huko Naivasha anakula sana kamba mwekundu wa maji baridi, ambaye naye ni mgeni kutoka Louisiana, Marekani, aliyeletwa mwaka 1970. Mkumbuke sana kamba huyu, kwani tutamrudia.

Besi ana njia mbili kubwa za kugundua windo. Ya kwanza ni macho. Ya pili ni mstari wa ubavuni, unaoanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani. Kwa mstari huo huhisi mtikisiko wa maji ulio karibu, hata gizani. Basi ewe mwanafunzi mwenzangu, shika kanuni hii: maji yakiwa meupe, zungumza na macho ya besi, maji yakiwa mazito, zungumza na ubavu wake. Karibu somo lote limo ndani ya sentensi hiyo.

3. KWA NINI GATINI?

Gati ni nyumba ya samaki. Chini yake pana kivuli mchana kutwa. Aliye kivulini humwona vizuri anayepita mwangani, ilhali yeye haonekani. Nguzo zake huota ukungu wa kijani, wadudu wa majini hukaa katika ukungu huo, visamaki hufuata wadudu, na besi hufuata visamaki. Kamba nao hupenda kutambaa kwenye nguzo na mawe.

Magati hayafanani. Lile lenye nguzo za zamani za mbao kwa kawaida hushinda lenye mabomba laini ya chuma. Lililo karibu na maji ya kina hushinda lililo juu ya tope tupu. Na lenye mti ulioanguka au matete ubavuni, hilo ni hoteli ya nyota tano!

Kuna jambo la pekee kuhusu Naivasha. Maji ya ziwa hili hupanda na kushuka sana. Mwaka 2020 yalipanda hadi yakaingia katika makazi ya watu, mtaa wa Kihoto ukiwa mmojawapo, na magati mengi yakamezwa pamoja na miti ya ukingoni. Kwa hiyo nyakati nyingine gati unaloliona si gati pekee lililopo. Huenda la zamani limelala chini yake, nguzo zikiwa zingali wima. Waulize wenyeji. Nguzo zilizozama ni maficho mazuri ya besi, lakini pia hula ndoana.

4. MVUA HUBADILISHA NINI?

Wengi hudhani mvua ni mvua tu. La hasha! Inabadilisha mambo matano.

(a) Rangi ya maji. Maji ya mvua hukokota udongo kutoka mashambani, barabarani na mitaroni. Lakini angalia: Naivasha yenyewe haipati mvua nyingi, kwa kuwa imekaa upande wa milima ya Nyandarua usiopata mvua nyingi. Maji mengi ya ziwa huletwa na mito, hasa Malewa, kisha Gilgil, nayo huingilia upande wa kaskazini. Kwa hiyo mvua inaweza kunyesha Nyandarua wakati wewe Naivasha unaota jua, na kesho yake upande wa kaskazini ukawa na rangi ya udongo. Upande wa kusini unaweza kuwa bado mweupe siku hiyohiyo. Usiulize tu, "Jana ilinyesha?" Uliza, "Ilinyesha wapi?"

(b) Mwanga. Mawingu yakitanda, kivuli cha gati hupoteza thamani yake, kwani kila mahali ni kivuli. Besi hutoka chini ya mbao na kuzungukazunguka kando. Jua likichomoza, hurudi ndani. Dalili ya mvua ni mawingu. Na dalili ya jua kali ni besi kujificha nyuma ya nguzo.

(c) Chakula. Mvua husomba minyoo, panzi na wadudu hadi majini. Mahali mtaro unapomwaga maji karibu na gati huwa kama mlango wa bwalo kengele ya chakula cha mchana ikilia. Nanyi mnajua hali ya hapo ilivyo.

(d) Kimo cha maji. Maji yakipanda, nyasi za ukingoni hufunikwa na besi husogea karibu na nchi kavu. Yakianza kushuka, hurudi nyuma kwenye nguzo za mwisho, zilizo katika kina.

(e) Joto. Katika nchi zenye majira ya baridi, mvua moja inaweza kuyapoza au kuyapasha maji kiasi cha kubadilisha tabia ya samaki kabisa. Sisi tulio karibu na ikweta hatuoni tofauti kubwa namna hiyo. Ukisoma vitabu vya Wamarekani kuhusu besi, sehemu hiyo isome kwa tahadhari. Kwetu, rangi ya maji ndiyo mwalimu mkuu.

5. KUPIMA MAJI

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Mjomba alinifundisha njia hii siku iliyofuata, nami nakupa bure.

Funga chambo cheupe kwenye mshipi. Kitumbukize polepole kando ya gati, mahali pasipo na jua la kukumulika usoni. Kinapopotea machoni, shika mshipi pale ulipogusana na maji. Uvute, kisha upime urefu kutoka mkono wako hadi kwenye chambo.

Kikipotea kabla ya sentimita 30 (kadiri ya urefu wa rula yako), hayo ni MAJI YA CHAI YA MAZIWA.

Kikipotea kati ya sentimita 30 na mita moja, hayo ni MAJI YA CHAI YA RANGI.

Kikipita mita moja ukiwa bado unakiona, hayo ni MAJI MEUPE.

Mnaona? Majina matatu tu. Lau ningekuwa nayo asubuhi ile, ningemwambia mjomba, "Ni chai ya maziwa," naye angekuja na kisanduku kingine.

6. KUCHAGUA CHAMBO

Sasa tufike kwenye kiini. Vyambo bandia ni vingi dukani hadi vinatia kizunguzungu, lakini kwa kazi ya gatini baada ya mvua, aina tano zinatosha.

Aina ya kwanza: chambo cha bapa. Hiki kina waya uliopinda kama pini kubwa ya nguo. Upande mmoja kuna ndoana iliyovikwa nyuzi za mpira, upande wa pili kuna bapa la chuma linalozunguka likivutwa. Faida yake ni mtikisiko. Besi asiyeona atalihisi. Bapa la duara hutikisa maji zaidi na linafanya kazi hata likivutwa polepole, hivyo ni la maji ya chai ya maziwa. Bapa jembamba mfano wa jani la mkaratusi humetameta zaidi kuliko kutikisa, hivyo ni la maji yenye mwanga. Uzito wa gramu 10 hadi 14 unafaa. Tena ule waya huikinga ndoana, hivyo hakinasi ovyo kwenye nguzo.

Aina ya pili: jigi. Ni ndoana yenye kichwa cha risasi, imevaa sketi ya nyuzi za mpira, na nyuma yake huchomekwa kipande cha mpira chenye makucha. Kikishuka kando ya nguzo na kurukaruka chini, ni kamba mtupu! Nilisema tutamrudia kamba, basi ndiye huyu. Kwa kuwa besi wa Naivasha amezoea kamba, jigi ni chambo cha kuaminika mno kwenye nguzo. Chagua yenye vijiti vya kuzuia kunasa mbele ya ndoana.

Aina ya tatu: mnyoo wa mpira. Ncha ya ndoana hufichwa ndani ya mwili wake, na mbele huwekwa chubwi mfano wa risasi ya bunduki. Hupita katikati ya matawi bila kunasa. Ni chambo cha subira. Kitumie besi wanapokuwa wavivu, hasa jua linapotoka baada ya mvua.

Aina ya nne: kisamaki chenye kidomo. Ni cha mti au plastiki, kina kipande bapa mdomoni kinachokifanya kizame na kuyumbayumba kikivutwa. Vingine vina vijipira ndani vinavyolia kama kayamba. Vyenye kayamba ni vya chai ya rangi, visivyolia ni vya maji meupe. Tahadhari: vina ndoana zenye ncha tatu zilizo wazi, hivyo virushe sambamba na gati, si ndani yake.

Aina ya tano: chura wa mpira. Huelea, na ndoana zake hulala mgongoni. Upepo wa mvua ukisukuma gugumaji hadi likajazana kando ya gati, hutengeneza dari, na besi hukaa chini ya dari hiyo. Chambo kingine chochote kitanasa. Chura atatembea juu kwa raha zake. Besi akimrukia, usivute papo hapo. Hesabu moja, mbili, ndipo uvute. Haraka haraka haina baraka.

Na rangi je? Hapa wavuvi hubishana hadi chai ikapoa. Mimi nitasema machache yenye sababu. Katika chai ya maziwa, tumia nyeusi, au nyeusi iliyochanganywa na buluu. Wengi hushangaa: maji meusi na chambo cheusi? Ndiyo! Besi akitazama juu kuelekea kwenye mwanga, kitu cheusi huonekana umbo lake lote, kama mtu aliyesimama mlangoni jua likiwa nyuma yake. Katika chai ya rangi, tumia nyeupe, njano, au hudhurungi yenye wekundu kama kamba. Katika maji meupe, tumia rangi tulivu zinazofanana na visamaki vyenyewe: fedha, kijani hafifu, kijivu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwafunza besi kusogelea rangi fulani ili wapewe chakula. Walikuta kwamba besi wanatambua vizuri nyekundu na kijani, lakini wanaikosea buluu kwa nyeusi, na njano-kijani kali kwa nyeupe. Kwa hiyo usiuze shati kununua vyambo vya rangi ishirini. Rangi nyingine huvua wanunuzi kabla ya kuvua samaki!

Muhtasari wa kunakili daftarini:

Chai ya maziwa: chambo cha bapa la duara, au jigi nyeusi. Vuta polepole. Rusha karibu kabisa na nguzo, kwani besi hatasogea mbali.

Chai ya rangi: chambo cha bapa cheupe au cha njano, kisamaki chenye kayamba, jigi ya hudhurungi. Vuta kwa mwendo wa wastani.

Maji meupe: mnyoo wa mpira, kisamaki cha fedha kisicholia. Simama mbali, rusha kwa utulivu.

Gugumaji limefunika: chura wa mpira, maji yawe ya rangi yoyote.

7. MAHALI NA MPANGILIO WA KURUSHA

Chambo kizuri mahali pabaya ni sawa na jibu sahihi kwenye swali lisilo lake. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, usikimbilie ndani ya kivuli. Anza na nguzo za nje, halafu pembe za gati, halafu sambamba na ubavu, na mwisho kabisa ndani chini ya mbao. Ukianza ndani, samaki mmoja akipapatika atawashtua wote walio nje.

Pili, tafuta mpaka wa rangi. Mtaro unapomwaga tope, utaona mstari ambapo maji mazito yanakutana na yaliyo meupe zaidi. Besi hupenda kukaa upande mweupe wa mstari huo, akitazama upande wa tope kama askari wa lango. Gati likiwa juu ya mstari huo, umepata mali.

Tatu, kama mawingu bado yametanda, vua nje na kandokando. Jua likishatoka, peleka chambo ndani.

Nne, katika maji mazito tumia mshipi mnene wenye nguvu, wa kilo 7 au zaidi. Samaki hauoni, na wewe utahitaji kumtoa haraka kabla hajazunguka nguzo. Katika maji meupe, tumia mwembamba zaidi.

Tano, ukibadilisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: ama rangi, ama mwendo, ama mahali. Ukibadilisha vyote pamoja na ukapata samaki, hutajua kilichokusaidia. Hapo wale wa Chama cha Sayansi wataniunga mkono.

8. KISIACHE KUSEMWA

Wenzangu, sehemu hii si ya kupamba ukurasa.

Kiboko. Naivasha ina viboko wengi, na wameua wavuvi. Usiku hutoka kula nyasi, na alfajiri hurudi majini kwa njia zao za kila siku, ambazo huenda zikapita kando ya gati. Usisimame kati ya kiboko na maji. Usivue gizani, wala usiingie majini kukwamua chambo kilichonasa. Mimi mwenyewe nililia chambo kimoja kilichonasa mita mbili tu kutoka gatini, nikaanza kukunja suruali. Mjomba alinishika ukosi, akakata mshipi kwa kisu bila kusema neno. Baada ya muda mfupi maji yaliinuka pale pale, kichwa kikatoka, kikapumua. Tangu siku hiyo sijalia chambo.

Radi. Fito nyingi za kisasa zina kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Ukisikia ngurumo, laza ufito chini, ondoka gatini, ingia ndani ya nyumba au gari. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Samaki wa baada ya mvua wapo. Usimtafute wa wakati wa radi.

Mbao. Gati lililoloa huteleza kama sabuni. Vaa jaketi la kuokolea maisha hata kama unajua kuogelea.

Sheria. Uvuvi unahitaji kibali. Muulize afisa wa uvuvi au kamati ya ufuo kabla hujarusha, nawe uzingatie siku na mahali palipofungwa.

Ziwa lenyewe. Mkate besi mdogo ndoana kwa upole, ukiwa umelowesha mikono, umrudishe. Lakini usimbebe besi akiwa hai ukamtie katika mto au bwawa jingine. Naivasha ilikuwa na kisamaki chake cha asili ambacho hakikupatikana popote pengine, na hakijaonekana tangu miaka ya 1960. Besi ni miongoni mwa wanaoshukiwa kummaliza. Anayekupa kitoweo hapa anaweza kuwa mwizi kule. Na vipande vya mshipi na mpira visitupwe majini, kwani ndege hunaswa navyo.

9. HITIMISHO

Siku iliyofuata ile ya aibu, mjomba alinirudisha kwenye gati lilelile. Maji yalikuwa yaleyale. Akanipa jigi nyeusi, akasema, "Sema maji kwanza." Nikatumbukiza, nikapima, nikajibu, "Chai ya maziwa, sentimita ishirini. Mtaro unamwaga upande wa kushoto. Mawingu bado." Akatikisa kichwa kukubali. Nikashusha jigi kando ya nguzo ya pembeni. Mara ya nne mshipi ukasogea kando peke yake, kimyakimya, kama mtu anayejitoa mstarini. Nikavuta. Tulipata watatu asubuhi ile, na mgeni hakuwepo wa kutulipa. Hapo ndipo nilipoelewa bei kamili ya "sawa tu."

Wahenga hawakukosea waliposema samaki mkunje angali mbichi. Nami nilikunjwa nikiwa mbichi, nikafaidika. Ukiulizwa jambo, liwe la maji, la ugonjwa, la barabara au la mtihani, usijibu kwa neno lililochoka. Tazama, pima, kisha lipe jina lake. Kiswahili kinayo majina ya kutosha, na pale kinapopungukiwa, chai ipo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza mambo matano ambayo mvua hubadilisha katika ziwa na jinsi kila moja linavyomwathiri besi.
2. Kwa nini chambo cheusi huonekana vizuri katika maji mazito?
3. Umefika gatini. Chambo cheupe kimepotea kwa sentimita 60, mawingu yametanda, na maji yameanza kushuka. Utachagua chambo gani, utakirusha wapi, na kwa nini?
4. Taja mambo mawili yatakayokufanya uondoke gatini hata kama samaki wanauma.
5. Lugha: Tunga majina matatu mengine ya rangi za maji kutokana na vitu vya nyumbani kwenu. Majina bora yapelekwe kwa mwalimu mlezi wa chama ili yabandikwe ubaoni.